Tembo Kumi na Mmoja wa Daftarini

Kitu cha kwanza anachokiona mtu kwake ni kwamba hutembea kinyumenyume. Ukifika kijijini saa kumi alasiri, ukipita nyuma ya ghala lenye bati lililoshika kutu, utamwona mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa cha kichwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, anakuja kwako kwa mgongo. Mikononi ana reki ya mpini mrefu. Anavuta, anarudi hatua moja, anavuta tena, na mbele yake mchanga unabaki umelala laini kama shuka lililotandikwa sasa hivi. Ukimsalimu ataitikia bila kugeuka. Akigeuka, mguu utakwenda upande, na kesho asubuhi atasoma unyayo wake mwenyewe badala ya unyayo wa mnyama.

Kijijini wanamwita Kinyumenyume, naye huitika. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye ulimi wake haujui kupumzika, husema kazi hiyo imemharibu mpaka nyumbani.

"Juzi nimemkuta anafagia uani kwake," huwaambia wenzake wa kikundi cha asali. "Kajifagia mpaka ukutani, kakwama, hana pa kutokea. Nikamwambia, wifi, kanyaga tu utoke. Akaniambia, nitaacha alama."

Kikundi huangua kicheko. Kinyumenyume naye hucheka kidogo, kwa midomo tu, kisha huendelea na kazi yake.

Mchanga ule zamani ulikuwa shamba lake la mahindi. Juu yake kuna mlima wenye msitu, na msitu huo ni hifadhi. Chini, ukivuka korongo, kuna mbuga yenye maji, na mbuga hiyo ni hifadhi nyingine. Tangu enzi za mababu tembo walikuwa wakishuka kutoka msituni kwenda kwenye maji wakati wa kiangazi, na kupanda tena kula msituni, huku na huko mpaka mvua zianze. Halafu watu wakaongezeka, mashamba yakaongezeka, na njia ya tembo ikawa mahindi na maharage. Tembo hawakubadili njia. Walipita humo humo, na kila walipopita, familia fulani ililala njaa.

Mumewe alikuwa mwongoza wageni katika kambi ya watalii. Ni yeye aliyetundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba lao, mizinga kumi na minne, imeunganishwa kwa waya mmoja. Tembo akigusa waya, mizinga yote hutikisika, na mnyama huyo mkubwa kama nyumba hukimbia, maana nyuki humwingia kwenye mkonga na kumzunguka machoni. Mizinga ilifanya kazi vizuri. Mahindi yao yalipona. Tembo wakaenda kumaliza ya jirani, na jirani akanuna.

Jambo hilo lilimkosesha raha mumewe.

"Mchana nawaonyesha wageni tembo, nawasifu mpaka koo linakauka," alimwambia mkewe siku moja akivua viatu vya kazi mlangoni. "Jioni narudi nyumbani kuwafukuza wale wale. Iko siku wataniuliza niko upande gani."

"Utawajibu nini?"

"Nitawaambia nina mke na mahindi."

Walicheka, lakini yeye hakuishia hapo. Kwa miaka miwili alikwenda nyumba kwa nyumba, kisha kwa mwenye kampuni ya kambi, kisha kwenye ofisi za hifadhi, akirudiarudia jambo moja. Kijiji kitoe kipande cha ardhi kutoka msituni mpaka korongoni, wanyama wapite. Kampuni ilete wageni wa kutembea kwa miguu kando ya kipande hicho, iajiri watu wa hapa hapa, inunue asali ya wanawake wa hapa hapa. Hifadhi ilete askari na utaalamu. Kila mmoja ashike upande wake, mzigo usimwelemee mmoja. Neno lake lilikuwa ubia. Alilitaja asubuhi na jioni mpaka watu wakampachika neno hilo liwe jina. Akipita, wanasema, "Huyo Ubia kapita, fungeni milango, atachukua mashamba."

Familia kumi na sita zilitoa ardhi. Kipande chake yeye ndicho kilichokuwa kipana kuliko vyote, na kilikuwa katikati. Siku ya kusaini, mkewe alisimama kando ya mahindi ya mwisho aliyoyavuna pale na kuyatazama mabua makavu. Alikuwa amelima shamba lile tangu alipokuja kama bibi harusi, na hata mawe yake aliyajua moja moja. Ubia alimshika bega.

"Shangazi akipita hapa na wanawe," alimwambia, "utaona kama tulipoteza au tulipata."

Shangazi lilikuwa jina alilompa tembo jike mmoja mzee, mwenye pembe moja iliyovunjika, kiongozi wa kundi. Wageni aliwaambia kwamba wanamwita hivyo kwa sababu haji bila kujitangaza na hakuna anayethubutu kumkatiza. Unyayo wake wa nyuma wa kushoto ulikuwa na ufa uliogawanyika mara tatu, kama uma wa kulia chakula. Ubia aliuchora ufa huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, akamfundisha mkewe kuusoma. Alimfundisha pia kwamba unyayo wa mbele wa tembo ni mviringo na wa nyuma ni mrefu kidogo, kwamba mguu wa nyuma hukanyaga pale pale ulipotoka wa mbele, kwamba ukipima urefu wa unyayo wa nyuma kwa utepe unaweza kukisia umri wa mwenye mguu. Mkewe alikuwa na darasa la saba na jicho kali. Kabla mwezi haujaisha alikuwa akimpita mwalimu wake.

Ndipo wabia wakamkabidhi kazi. Mkanda wa mchanga uliochekechwa, upana wake hatua sita, ukatandazwa kuukata ushoroba, yaani ile njia ya wanyama, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Kila alasiri ausawazishe. Kila asubuhi ausome: nani kapita, wangapi, kwenda wapi. Daftari lilikuwa na safu tano. Tarehe, saa aliyosoma, mnyama, idadi, uelekeo. Mkataba ulisema wazi kwamba ushoroba utapimwa kwa daftari hilo. Kiangazi cha tatu kikiisha bila tembo kupita, kila mwenye ardhi atarudishiwa ardhi yake, na kampuni itahamisha kambi kwenda kwingine.

Ilibaki mizinga. Waya ulikuwa umeshatolewa. Ubia na mkewe waliizunguka ile mizinga kumi na minne wakifikiri, mwisho wakaamua iende chini, kwenye migunga ya korongoni, pale ushoroba unapoanza. Migunga ina maua mengi. Wageni wangepita hapo kuona nyuki na kuonja asali kabla ya kupanda. Bila waya, walisema, mzinga ni mzinga tu. Kikundi cha asali kilifurahi, meneja wa kambi alifurahi, na afisa wa hifadhi alipiga picha.

Kiangazi cha kwanza walipita swala, nguruwe pori, nungunungu, na fisi mmoja mwenye kuchechemea. Kwenye safu ya tembo aliandika sifuri, sifuri, sifuri, siku mia na ishirini. Kiangazi cha pili kilipoanza, Ubia aliugua.

Yalikuwa mafigo. Alivimba miguu kwanza, kisha uso, kisha akawa mwembamba kwa namna ya kutisha, kama nguo iliyotundikwa msumarini. Hospitali ya wilaya ilimweka wiki tatu, ikamrudisha nyumbani. Kitanda chake kilisogezwa dirishani ili aone mlima. Kila asubuhi, mkewe akirudi kutoka mchangani na vumbi miguuni, swali lilikuwa moja.

"Wamepita?"

"Bado."

"Hata Shangazi?"

"Hata yeye. Kunywa chai kwanza."

Kuna asubuhi alifika, mumewe asiulize. Macho yalikuwa wazi, yanatazama dari. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akachovya kitambaa majini, akamlowesha. Akangoja swali. Swali halikuja, na kutokuja kwake kulimuumiza kuliko yote aliyoyaona tangu ugonjwa uanze, maana mtu anayeacha kuuliza huwa ameshaanza safari.

"Wamepita," alisema.

Mgonjwa aligeuza kichwa polepole.

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja. Na mmoja bado mtoto, unyayo wake kama sahani."

"Shangazi?"

"Katangulia mbele. Ule ufa wake nimeuona."

"Umeandika?"

Hakuwa ameandika. Alilitoa daftari kwenye mfuko, akainama kana kwamba anatafuta ukurasa, na hapo hapo, goti likiwa meza, akaandika. Tarehe. Tembo. Kumi na mmoja. Kushuka. Kalamu iliporudi kwenye safu ya saa ilikataa. Angeweza kuandika saa yoyote, nani angejua? Lakini mkono uliozoea kuandika kilichoonekana haukupata saa ya jambo ambalo halikutokea. Aliiacha tupu, akampa mumewe daftari.

Ubia alisoma kwa kidole, kama watoto wanavyosoma. Kidole kilipita kwenye tarehe, kikafika kwenye ile nafasi tupu, kikasimama. Kilisimama muda. Halafu kikaendelea mpaka mwisho wa mstari.

"Kumi na mmoja," alisema. "Basi tulipata."

Alifariki siku ya tatu yake, mchana, mlima ukiwa wazi bila wingu.

Katika purukushani za msiba hakuna aliyekumbuka daftari. Alipolikumbuka mjane, ilikuwa ni baada ya wiki mbili, na meneja alikuwa ameshalifungua. Meneja alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, anayependa mambo mazuri yasimuliwe upesi. Aliupiga picha ule ukurasa, akautuma kwa kampuni, kampuni ikautuma kwa wafadhili. Nakala kubwa ilitiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani katika ukumbi wa chakula wa kambi. Wageni wakawa wanasimama mbele yake na vikombe vyao vya kahawa. Afisa wa hifadhi, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimuuliza swali moja tu.

"Mbona askari wangu hawakuona nyayo siku ile?"

"Palikuwa na upepo," alijibu.

Tangu hapo upepo ule ulivuma ndani yake mwenyewe. Kila akiingia ukumbini kupeleka daftari alipita akiangalia sakafu. Alitaka kusema, akashindwa pa kuanzia. Akajipa moyo kwamba tembo wakipita kweli, hata mara moja, uongo wake utafunikwa na ukweli, kama unyayo wa mbele unavyofunikwa na wa nyuma. Kwa hiyo alisawazisha mchanga kwa bidii ambayo watu waliidhania kuwa ni ya kazi. Kiangazi cha pili kiliisha kwa sifuri. Cha tatu kikaanza kwa sifuri, kikafika katikati.

Siku moja mpini wa reki ulikatika. Ghalani hapakuwa na mwingine, akachukua panga akashuka korongoni kutafuta fito. Ni hatua mia tatu tu kutoka kwenye mkanda wake, lakini kwa karibu miaka mitatu alikuwa hajashuka huko peke yake. Kazi yake ilikuwa mchanga, na macho yake yalikuwa yameganda kwenye mchanga.

Alisikia nyuki kabla ya kuona kitu. Kisha akatazama chini.

Vumbi la korongo lilikuwa limejaa tembo. Nyayo juu ya nyayo, kavu na mbichi, za juzi na za mwezi uliopita, na mavi ya kila umri, mengine yamesagika, mengine bado na unyevu. Walikuwa wametoka mbugani, wakapanda mpaka hatua arobaini hivi kutoka kwenye migunga. Hapo walisimama. Aliona mahali waliposimama kwa muda mrefu, wakihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, mpaka ardhi ikalika. Aliona vinyayo vidogo vimejibanza katikati ya vikubwa. Halafu wote waligeuka. Mara ngapi? Alijaribu kuhesabu akaacha. Katika kila kugeuka, pembeni kidogo, mbele ya wengine, palikuwa na unyayo wa nyuma wa kushoto wenye ufa kama uma.

Alichuchumaa, akaweka kiganja juu yake. Juu ya kichwa chake mizinga ya mumewe ilikuwa inavuma, kumi na minne, imejipanga mlangoni mwa ushoroba kama walinzi. Tembo hawakuwa na habari kwamba waya umetolewa. Mtu aliyewafunza kuiogopa mizinga ile ndiye aliyewaandalia njia, kisha akaisimamisha mizinga ile ile mlangoni, na yeye mkewe akamshikia ngazi ya kuitundikia.

Mkutano wa wabia ulifanyika Jumamosi iliyofuata, katika ukumbi wa chakula. Meza zilikuwa zimesukumwa pembeni, viti vya plastiki vimepangwa, feni ya dari inazunguka kwa kulalamika. Walikuwepo meneja, afisa wa hifadhi, wenye ardhi, na wifi na kikundi chake cha asali, wamekaa mstari mmoja wakiwa wamevaa fulana za kikundi. Fremu ilikuwa ukutani, nyuma ya kichwa cha meneja.

Kinyumenyume aliomba nafasi, akaeleza alichokiona. Alieleza vizuri, kwa hatua na vipimo. Mwisho akasema mizinga ihamishwe kabla mvua hazijanyesha, upande wa pili wa zahanati, mbali na ushoroba.

Wifi alikuwa wa kwanza kusimama.

"Wifi yangu, mimi nakuheshimu, lakini leo umetuacha na butwaa. Mavi ya tembo tunayakanyaga kila tukienda kurina. Nani alikuwa hajui kama wanakuja?"

"Mlijua wanakuja. Hamkujua kama hawapiti."

"Aa, hapo sasa." Wifi alinyoosha mkono kwenda ukutani. "Na hao kumi na mmoja walipita wapi, juu? Mizinga si ilikuwepo? Umeandika mwenyewe, mwandiko wako huo, tunaukodolea macho kila siku. Kama walipita na nyuki wapo, nyuki wana kosa gani? Nyuki hawa ni wa kaka yangu. Ndicho tulichobaki nacho. Ukiwahamisha kiangazi hiki watatoroka, nusu yao."

Watu waliguna kukubali. Hoja ilikuwa nzito, na hakuna aliyeujua uzito wake kama Kinyumenyume. Alitazama fremu kwa mara ya kwanza tangu itundikwe. Kioo kilikuwa safi. Mtu alikuwa akiifuta kila siku.

"Hawakupita," alisema.

"Nani?"

"Hao kumi na mmoja. Hawakupita. Niliandika mimi, kitandani kwa mgonjwa. Alikuwa ameacha kuuliza."

Feni iliendelea kulalamika. Afisa wa hifadhi aliinuka, akasogea mpaka kwenye fremu, akainamisha miwani.

"Saa," alisema, kama anazungumza na kioo. "Hapa hakuna saa. Mistari mingine yote ina saa. Mwaka mzima nimeusoma ukurasa huu sikuona." Aligeuka. "Na siku nyingine? Nitajuaje siku zipi ni za kweli?"

"Siku nyingine zote nimeandika sifuri," alijibu. "Mtu atadanganya sifuri kwa faida gani?"

Hakuna aliyecheka. Lakini yeye alikuwa hasikii tena. Neno la afisa lilikuwa limemrudisha chumbani, kwenye kile kidole kilichosimama pale pasipoandikwa kitu. Mtu aliyetengeneza daftari lile kwa mkono wake, akachora safu zake kwa rula, asingeweza kuona nafasi tupu na asijue. Au angeweza? Alikuwa mgonjwa. Macho yalikuwa yamefifia. "Basi tulipata," alisema. Alisema kwa sababu aliamini, au kwa sababu alitaka mkewe aamini kwamba ameamini? Alikaa chini taratibu, kitambaa cha kichwa akakivuta mpaka machoni. Jibu la swali hilo lilikuwa limezikwa, na hakuna mchanga wa kulisoma.

Waliamua mambo matatu kwa sauti ndogo. Meneja, uso umesawijika, alishusha fremu yeye mwenyewe, ukutani pakabaki mraba mweupe. Mizinga ihamishwe, kiangazi kimalizike kama mkataba unavyosema, mvua ya kwanza iwe ndiyo mwisho wa kuhesabu. Na daftari achukue askari wa hifadhi.

"Kufagia utaendelea kufagia, mama," afisa alimwambia mlangoni, na ilionekana wazi kwamba hakupenda kulisema. "Kusoma atasoma askari. Wafadhili wakiuliza, lazima niwe na jibu."

"Ni haki," alisema.

Alirudi nyumbani kwa kuangalia mbele, kama watu wengine wanavyotembea.

Wifi hakumsemesha kwa siku nne. Siku ya tano, jua likielekea kuzama na nyuki wameanza kuingia ndani, walikutana korongoni na kikundi kizima, wamevaa nguo nzito na nyavu usoni. Waliziba milango ya mizinga kwa matambara, wakaitungika kwenye fito, wawili wawili begani, wakaipeleka ng'ambo ya zahanati kwa mwendo wa wabeba jeneza. Iliwachukua jioni tatu. Makundi manne ya nyuki yalitoroka, kama wifi alivyosema. Mzinga wa mwisho ulikuwa ule wa kwanza kabisa Ubia aliouchonga, mzito, umepinda upande mmoja. Hakuna aliyegawa kazi. Wawili hao walijikuta wameshika ncha mbili za fito moja.

Walipanda kutoka korongoni. Ndani ya gogo nyuki walinung'unika.

"Mimi alinitumia salamu," wifi alisema mwishowe, mbele, bila kugeuka. "Siku ile ile. Alisema, mwambieni dada tembo wamepita. Nikaja mbio. Nilimkuta anacheka. Mtu aliyekuwa hawezi kumeza maji, anacheka."

"Wifi, nisamehe."

"Sijasema kitu. Nakuhadithia tu." Fito ilimwelemea, akaihamishia bega la pili. "Nimekasirika, sikufichi. Nimekukasirikia mpaka usingizi haunipati. Lakini sura yake ile siwezi kuitupa. Sasa nifanyeje? Nimkasirikie aliyemchekesha?"

Kinyumenyume machozi yalikuwa yanamtiririka ndani ya wavu, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika fito.

"Angalia shimo," wifi alisema. "Na leo usitembee kinyumenyume, utaniua."

Hayo yalikuwa wiki mbili na nusu zilizopita. Tangu hapo korongo limekuwa kimya. Kila asubuhi askari, mtu wa makamo mwenye kikohozi, hutembea kando ya mkanda na daftari, na Kinyumenyume humfuata hatua tatu nyuma. Jicho lake huona kabla ya la askari, lakini hufunga mdomo na kungoja aone mwenyewe. Swala wawili. Nungunungu. Kwenye safu ya tembo, sifuri. Majirani wawili wameshaanza kunoa majembe, nao hawafichi. Mawingu yalianza kujikusanya nyuma ya mlima juzi, mepesi kwanza, jana mazito.

Leo saa tisa simu ya askari iliita akiwa ghalani. Ni mwenzake wa upande wa mbuga. Alisikiliza, akakohoa, akasikiliza tena, kisha akashusha simu na kumtazama mwanamke aliyekuwa anafunga kitambaa kuanza kazi.

"Wako korongoni," alisema. "Wamesimama pale pale pao tangu saa sita mchana. Kundi zima. Kiongozi ana pembe moja."

"Wamegeuka?"

"Hawajageuka. Wamesimama tu. Anasema yule mkubwa ameinua mkonga juu, ananusa."

Kinyumenyume alichukua reki, ile yenye mpini mpya wa mgunga. Hakukimbia. Alianzia ukingo wa kushoto kama siku zote, akageuzia mgongo upande anaokwenda, akavuta. Hatua moja nyuma. Akavuta. Upepo ulikuja na harufu ya udongo uliolowa mahali mbali. Alipofika katikati, pale lilipokuwa shamba lake hasa, aliona wifi amekuja kukaa kwenye jiwe la ukingo wa pili, mikono mapajani, fulana ya kikundi mwilini.

"Watapita?" wifi aliuliza, kwa sauti ya chini, kama walio msibani.

"Sijui."

"Nidanganye kidogo basi."

"Hapana, wifi. Sisemi tena kitu ambacho sijakisoma."

Wifi alitikisa kichwa, akasogea kumpisha nafasi kwenye jiwe. Zilikuwa zimebaki kama hatua ishirini. Nyuma ya mlima radi ilinguruma mara moja, mbali. Kinyumenyume aliinama, akavuta mchanga taratibu kuliko alivyowahi kuuvuta, asiache alama hata moja, na kila mara alipoinua kichwa alitazama chini kule kwenye migunga mitupu, ambako matawi yalikuwa bado hayajatikisika.